Kupima Ubora wa Mafunzo ya Utalii Yatolewayo kwa Njia ya Intaneti

Mwongozaji wa watalii apandaye Mlima Kilimanjaro hubeba dhamana ya uhai wa watu. Kilele cha mlima huo kimo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko, yaani msukumo wake, ni kadiri ya nusu tu ya ile ya pwani. Kwa hiyo kila pumzi huingiza mwilini oksijeni kidogo, na mtu apandaye upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea hupatwa na ugonjwa wa mwinuko. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Ukizidi, ubongo huvimba, mgonjwa akapepesuka na kuchanganyikiwa. Au mapafu hujaa majimaji, akahema hata akiwa ameketi. Hapo dawa iliyo kuu ni moja: kumteremsha mgonjwa bila kukawia.

Maarifa haya yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Yaweza pia kufundishwa kwa picha katika simu ya mkononi, na kutahiniwa kwa maswali kumi ya kuchagua jibu. Lakini je, mwanafunzi aliyejibu maswali yote kumi sawasawa, akiwa ameketi nyumbani kwao Moshi au Morogoro, ataweza kufanya uamuzi huo usiku wa manane, katika baridi kali, mbele ya mgeni aliyelipa fedha nyingi na asiyetaka kabisa kurudi nyuma?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Siku hizi vijana wengi wamalizao shule ya sekondari hualikwa kujiunga na masomo ya utalii, uongozaji wageni na huduma za hoteli yafundishwayo kwa intaneti. Baadhi ya masomo hayo ni mazuri, na mengine hayana zaidi ya cheti chenye rangi za kupendeza. Hapana budi basi kujua namna ubora wa mafunzo unavyopimwa, maana kupima ni kazi ya kisayansi yenye kanuni zake, wala si jambo la kukisia.

Kufundisha kwa mbali si jambo geni

Elimu ya masafa, yaani elimu inayomfikia mwanafunzi mahali alipo ilhali mwalimu yuko mbali, ilitangulia kompyuta kwa miaka mingi. Watu wengi walijisomea kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, na redio ikawa mwalimu wa maelfu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana namna ya kujikinga na maradhi.

Katika kampeni hiyo limo fundisho kubwa kwa mpimaji wa elimu. Mafanikio yake hayakutafutwa katika idadi ya waliosikiliza redio tu, wala katika majibu yao ya mdomo. Hali ya nyumba vijijini ilikaguliwa pia, kabla na baada ya mafunzo, ili kuona kilichobadilika: kwa mfano, je, choo kimechimbwa? Mwalimu alikuwa studio mjini, lakini kipimo cha mafundisho yake kilikuwa uani kwa mkulima.

Baadaye vilikuja vyombo vingine na vyuo vingine. Uingereza ilianzisha Open University mwaka 1969, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Mwaka 2012 zilianzishwa Marekani Coursera na edX, ambazo somo lao moja huweza kuandikisha maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Kisha mwaka 2020 ukaingia ugonjwa wa UVIKO-19. Wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walijikuta nje ya madarasa kwa wakati mmoja, na vyuo vingi vikalazimika kuhamishia mafundisho kwenye intaneti kwa haraka, vya utalii vikiwa miongoni mwao. Wanafunzi waliokuwa wakijifunza kutandika vitanda, kupika na kuongoza wageni walitakiwa kujifunza hayo mbele ya kioo cha kompyuta au simu. Hapo ndipo suala la ubora lilipojitokeza waziwazi.

Ngazi nne za kupimia

Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, alipendekeza kuwa mafunzo ya kazi yapimwe kwa ngazi nne. Mpango wake ungali ukitumika sana, na wafaa kueleweka na kila mwalimu.

Ngazi ya kwanza ni mwitikio: je, mwanafunzi ameyapenda mafunzo? Ya pili ni kujifunza: je, amepata maarifa na ustadi ambao hakuwa nao? Ya tatu ni mwenendo: je, akiwa kazini anatenda tofauti na alivyotenda zamani? Ya nne ni matokeo: je, kazi yenyewe imekuwa bora, wageni wako salama zaidi, chakula hakiharibiki, malalamiko yamepungua?

Kadiri mpimaji apandavyo ngazi hizi, ndivyo gharama na ugumu wa kupima unavyozidi. Kuuliza kama somo limependeza huchukua dakika moja. Kumfuata mwongozaji mlimani ili kumwona akiamua huchukua siku nyingi. Kwa sababu hiyo wengi hukomea ngazi ya kwanza na ya pili, kisha hutangaza kuwa wamepima ubora.

Hata ngazi ya nne, iliyo kilele, ina mtego wake. Na ichukuliwe hoteli iliyowafundisha watumishi wake kwa intaneti mwanzoni mwa mwaka 2020, kisha ikaona malalamiko ya wageni yamepungua kwa nusu mwishoni mwa mwaka huo. Je, ni kazi ya mafunzo? Katika mwaka huo idadi ya watalii wa kimataifa ulimwenguni ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Pasipo wageni hapana malalamiko. Mpimaji mwangalifu hahesabu malalamiko peke yake, bali huyagawanya kwa idadi ya wageni, tena hulinganisha hoteli hiyo na nyingine iliyokuwa katika hali ileile lakini isiyopata mafunzo. Bila ulinganisho wa namna hiyo, sababu na sadfa hazitenganiki.

Kupendeza si kufundisha

Mafunzo mengi ya intaneti humalizika kwa kumwomba mwanafunzi ayape alama, na hizo alama ndizo zitumiwazo kuyatangaza. Je, zina uzito gani?

Jibu moja lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kutolewa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari. Kundi la pili lilipewa mada ileile, lakini likatakiwa kuhangaika na maswali kwanza, kila mtu na wenzake, kabla ya kuelezwa. Katika mtihani kundi la pili lilipata alama za juu zaidi. Hata hivyo, lilipoulizwa limejifunza kiasi gani, lilijiona limejifunza kidogo kuliko kundi la mhadhara.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Maelezo yanayoteremka vizuri humfanya msikilizaji adhani ameyamiliki, na jasho la kufikiri humfanya ajione mjinga. Ndiyo kusema picha maridadi za twiga wa Serengeti, zenye muziki na sauti tamu, zaweza kupata alama zote za kupendeza bila kumwachia mwanafunzi kitu. Mwitikio una faida yake, kwa kuwa mwanafunzi aliyechukizwa huacha masomo. Lakini si ushahidi wa elimu.

Hesabu zinazopotosha

Hesabu zinazotolewa na watangazaji wa masomo huwa za kweli, lakini huenda hazikukamilika. Na ichukuliwe kuwa somo la uongozaji wageni limeandikisha wanafunzi 200. Kati yao 40 walifika kwenye mtihani wa mwisho, na 36 wakafaulu. Tangazo litasema asilimia 90 wamefaulu, maana 36 ni asilimia 90 ya 40. Lakini waliofaulu kati ya wote walioanza ni 36 kwa 200, yaani asilimia 18. Wale 160 walioondoka njiani hawaonekani katika hesabu ya kwanza, ingawa huenda ndio wenye habari muhimu zaidi.

Jambo hili si la kubuni. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichunguza masomo ya Harvard na MIT yaliyofundishwa kupitia edX, na kutoa matokeo yao mwaka 2019. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa takribani 3 tu katika kila 100 walioshiriki. Lakini miongoni mwa waliolipa ili wapate cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa takribani 46 katika kila 100. Tofauti hiyo yaonyesha kuwa si kila anayeacha ameshindwa: wengine walitaka kuchungulia tu. Basi mpimaji hana budi kuuliza mapema mwanafunzi amekuja kwa nia gani, na baadaye kuwafuata walioacha ili ajue kama kilichowakwaza ni somo, kazi nyingine, au gharama ya intaneti.

Upotoshaji wa pili hutokana na kusahau mwanafunzi alianzia wapi. Asha, ambaye amekulia karibu na hifadhi na anazijua tabia za wanyama, alipata alama 55 kabla ya somo na 70 baada yake. Baraka, mwenyeji wa mjini, alipata 20 kabla na 60 baadaye. Akitazamwa kwa alama ya mwisho, Asha ameshinda. Lakini somo limemfaa nani zaidi? Mwanafizikia Richard Hake wa Marekani alitumia kanuni nyepesi mwaka 1998: alama zilizoongezeka zigawanywe kwa alama ambazo zingeweza kuongezeka. Kwa Asha ni 15 kugawanya kwa 45, yaani 0.33. Kwa Baraka ni 40 kugawanya kwa 80, yaani 0.50. Baraka amepata nusu ya yale asiyoyajua, na Asha theluthi moja tu. Somo lisilo na mtihani wa mwanzo haliwezi kujua hata hayo.

Mtihani nao hupimwa

Kipimo chochote huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la uhalali: je, kinapima kile kinachodaiwa kupimwa? La pili ni la uthabiti: je, kikitumiwa na mtu mwingine au siku nyingine, kitatoa jibu lilelile? Mizani inayosema kila gunia lina kilo 5 zaidi ya uzito wake ni thabiti lakini si halali.

Maswali ya kuchagua jibu yafanywayo kwa kompyuta huwa na uthabiti mkubwa, kwa kuwa mashine haichoki wala haipendelei. Yanafaa sana kwa maarifa. Yaweza kumwuliza mpishi mwanafunzi bakteria huzaliana upesi katika joto la kiasi gani, naye akajibu kuwa ni kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Lakini kama kazi yake ni kuhakikisha mchuzi uliopo mezani haushuki chini ya nyuzi 60, basi kipimo halali zaidi ni kutia kipimajoto ndani ya chungu, saa moja baada ya chakula kuandaliwa, siku ambayo mpishi hakutarajia kukaguliwa.

Wakati wa kutahini nao una maana. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo hilo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha maneno. Kisha wengine wakakirudia kusoma, na wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojaribu kukumbuka asilimia 56. Somo la intaneti linalomtahini mwanafunzi mara tu baada ya kutazama picha, kisha likamfungia faili, huenda likawa linapima kumbukumbu ambayo haitafika hata mwisho wa wiki.

Kwa ustadi na uamuzi, utalii waweza kuazima mbinu kutoka kwa waganga. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtihani wa vituo kwa wanafunzi wa udaktari. Kila mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo. Katika kila kimoja hupewa dakika chache na jambo la kutenda, na mtahini hutia alama kwa kufuata orodha iliyopangwa. Kwa waongozaji wa watalii, kituo kimoja chaweza kuwa na mtu anayeigiza mgeni mwenye kichwa kinachouma na asiyetaka kushuka. Kingine kikawa na familia iliyochelewa ndege. Kingine kikamtaka mtahiniwa aeleze historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa lugha ya kigeni, bila kusoma popote.

Hapa lakini watahini ni binadamu, na uthabiti wao hauna budi kuchunguzwa. Na ichukuliwe kuwa watahini wawili wamewatazama waongozaji 100. Wote wawili wamewapasisha 70 walewale, wote wawili wamewakatalia 10 walewale, na wamehitilafiana juu ya 20, kila mtahini akiwapasisha 10 ambao mwenzake amewakataa. Wamekubaliana juu ya 80 kwa 100, na hilo laonekana jema. Lakini kila mmoja amepasisha 80 kwa 100. Kama wangetia alama kwa bahati nasibu tu, wangepatana kupasisha kwa 0.8 mara 0.8, yaani 0.64, na kupatana kukataa kwa 0.2 mara 0.2, yaani 0.04. Jumla ni 0.68. Basi makubaliano yaliyozidi bahati ni 0.80 kutoa 0.68, yaani 0.12, na nafasi iliyokuwapo ya kuizidi bahati ni 1 kutoa 0.68, yaani 0.32. Kugawanya 0.12 kwa 0.32 kwaleta 0.375. Kipimo hiki kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, na huitwa kapa. Moja maana yake ni kukubaliana kabisa, na sifuri ni sawa na bahati nasibu. Watahini walioonekana kuafikiana sana wamepata kidogo kuliko mbili kwa tano, na wahitaji kukaa pamoja waelewane upya juu ya maana ya kufaulu.

Chombo au mafundisho?

Mabishano juu ya intaneti na darasa huwa marefu, lakini mara nyingi hukosea lengo. Mwaka 1983 Richard Clark, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alidai kuwa chombo kinachopitisha mafundisho hakiongezi elimu chenyewe, kama vile lori lililoleta vyakula lisivyoongeza lishe yake. Liongezalo elimu ni namna mafundisho yalivyopangwa: mazoezi, masahihisho na muda wa kufikiri.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 2009, na kurekebishwa 2010, uliliangalia jambo hili kwa hesabu. Wanafunzi waliofundishwa kwa intaneti peke yake hawakutofautiana kwa maana yoyote na waliofundishwa darasani. Waliochanganya intaneti na kukutana na mwalimu uso kwa uso walifanya vizuri zaidi. Lakini wachambuzi walionya kuwa mara nyingi hao waliochanganyiwa walipata pia muda mwingi zaidi na vifaa zaidi. Haikuthibitishwa basi kuwa mtambo ndio uliowasaidia.

Kwa mafunzo ya utalii funzo lake ni hili. Yapo mambo ambayo intaneti huyafundisha vizuri: jiografia, tabia za wanyama, sheria za hifadhi, hesabu za hoteli, matamshi ya lugha za kigeni, na kanuni za ugonjwa wa mwinuko. Yapo mengine ambayo mwanafunzi aweza kujipiga picha akiyatenda, kama kuandaa meza au kutandika kitanda, na mwalimu akamsahihisha akiwa mbali; ila ikumbukwe kuwa picha iletwayo ni ya jaribio lililofanikiwa, hata kama tisa yalishindikana. Na yapo yasiyofundishika ila mahali pake: kusoma uso wa mgeni, kufahamu dalili za tembo aliyekasirika, kuamua kurudi wakati kila mtu ataka kuendelea.

Mfano wa mlimani wabainisha mipaka hiyo. Waganga wa milima hutumia kipimo kiitwacho Lake Louise, kilichorekebishwa mwaka 2018. Dalili nne, yaani kichwa kuuma, hali ya tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mtu aliyepanda juu karibuni, anayeumwa kichwa na mwenye jumla ya alama 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana ugonjwa wa mwinuko. Kujumlisha alama kwaweza kufundishwa kwa simu kwa nusu saa. Lakini mgeni huficha dalili zake kwa kuogopa kurudishwa. Katika njia ya Marangu, kutoka kituo cha Horombo kilicho mita 3,720 hadi Kibo kilicho takribani mita 4,700, kimo huongezeka karibu mita 1,000 kwa siku moja, ilhali waganga hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Mwongozaji lazima aulize kwa namna itakayoleta ukweli, amtazame mgeni anavyotembea, kisha awe na ujasiri wa kusema hapana. Ujasiri huo hupatikana kwa kutenda chini ya macho ya aliyebobea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

Mwanafunzi anayefikiria kujiunga na somo la utalii kwa intaneti, pamoja na mwalimu anayemshauri, waweza kulipima kwa maswali sita:

1. Je, somo linasema waziwazi mhitimu ataweza kutenda nini, au lataja tu mada zitakazosomwa?

2. Je, kuna mtihani wa mwanzo, na mwingine unaofanywa majuma kadhaa baada ya somo?

3. Je, mwalimu husoma kazi za mwanafunzi na kuzisahihisha kwa maelezo, au mashine hutoa alama tu?

4. Je, kuna kipindi cha mazoezi kazini, na ni nani atakayemtazama mwanafunzi huko na kwa orodha gani?

5. Je, walioandikishwa walikuwa wangapi, waliomaliza wangapi, na waliopata kazi wangapi?

6. Je, cheti chenyewe chatambuliwa na chombo cha serikali kinachohusika? Kwa Tanzania, vyuo vya ufundi na vya ufundi stadi vimo chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi.

Gharama nayo ihesabiwe. Somo linalodai picha nyingi zinazotembea humfaa aliye mjini mwenye intaneti ya bei nafuu, na humwacha nyuma mwenzake wa kijijini ambaye huenda ndiye atakayewaongoza wageni katika msitu wa kwao. Ubora usiowafikia walengwa umepungua.

Jaribio la darasani

Mambo haya yaweza kujaribiwa shuleni bila kompyuta hata moja. Mwalimu aandike maelezo ya ugonjwa wa mwinuko katika ukurasa mmoja, kisha aligawe darasa kwa kura katika makundi mawili. Kila kundi lipewe dakika 20. Kundi la kwanza lisome ukurasa huo tena na tena. Kundi la pili liusome mara moja, kisha liufunike na kuandika yote linayoyakumbuka, lisahihishe na kuandika upya.

Mara baada ya hapo kila mwanafunzi aandike ni kwa kiasi gani anadhani amejifunza, kuanzia alama 1 hadi 10. Baada ya wiki moja wote wafanye mtihani wa maandishi. Siku inayofuata kila mmoja akutane kwa dakika tatu na mwenzake anayeigiza mgeni mgonjwa na mkaidi, watahini wawili wakimtia alama ya kufaulu au kushindwa pasipo kushauriana. Mwishowe darasa likokotoe wastani wa kila kundi, na kapa ya watahini wake.

Hesabu tatu zitakuwapo ubaoni: wanafunzi walivyojiona, walivyoandika, na walivyotenda. Huenda zisifuatane, na mwanafunzi aliyejipa alama 9 akajikuta amemwacha mgeni wake aendelee kupanda. Itakapokuwa hivyo, darasa litakuwa limeona kwa macho yake kwa nini cheti hakitoshi, na kwa nini mafunzo, yawe ya darasani au ya intaneti, hupimwa pale ambapo kazi yenyewe hufanyika.